Umenipa au Umeniwekea

Kitengela,
3 Februari 2025

Kwa wifi yangu Resian,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na Yeyo mama yako pia, pamoja na ule mguu wake. Sisi tunaendelea. Oscar bado yuko na kazi yake kwenye kiwanda cha simiti, na mkewe Purity ameanza kushona sare za shule. Vumbi ni lile lile, na malori ya mawe bado yanapita yakitingisha vyombo kabatini.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu wewe hukata. Tangu tumzike kaka yako Samuel umenikatia kila nilipopiga, na mimi pia nina kiburi changu. Barua angalau utaisoma mpaka mwisho ndipo uitupe. Kisemei wa pikapu ya maziwa amekubali kutubebea. Bahasha nimeifunga kwa gundi na juu nikaweka selotepu, kwa hivyo ukiiona imefunguka, ujue ni nani.

Jambo lenyewe ni kuku. Mwenye ploti ametupa notisi, anabomoa nyumba niliyoishi na Samuel tangu Oscar akinyonya, ajenge gorofa. Mimi nahamia kwa Oscar, orofa ya tatu, ambako keateka anayesimamia jengo hataki hata paka. Zipporah wa hoteli ya stendi alikuja kuwaona. Alisema anataka kuwafuga, huku akiwashika mapaja mmoja baada ya mwingine. Mtu anayetaka kufuga hashiki paja. Nimemwambia nitafikiria, na nikafunga geti.

Katika watu wote ninaowajua, ni boma lenu tu lisilokula kuku. Samuel aliishi nami miaka yote ile bila kuonja hata mchuzi wake. Alisema ndege si chakula cha mtu aliyezaliwa kwenye ng'ombe. Lakini ni yeye aliyewajengea kibanda kwa vipande vya mawe kutoka kwari, kule machimboni alikofanya kazi, na ni yeye aliyewapa majina. Kwa hivyo nakuletea wewe, si kwa sababu nimesahau maneno uliyonitolea baada ya mazishi.

Ni kumi na tisa pamoja na jogoo, ambaye anaitwa Diwani kwa sababu hanyamazi. Yule mweusi mwenye shingo tupu ni Nyapara. Samuel akitoka kazini na kuanza kushika hiki na kile uani, huyo kuku alimfuata nyuma akikagua kazi, ndipo akampa jina hilo. Yeye hatagi popote isipokuwa ndani ya helmeti ya Samuel ya kwari, ile ya njano yenye ufa, iliyoandikwa S kwa rangi nyeupe. Nimeitia kwenye kreti. Igeuze chali, uweke nyasi kavu, mahali pasipo na upepo. Vitu vingine vya Samuel nimevikunja sandukuni. Hiki ndicho peke yake ambacho bado kinafanya kazi.

Niandikie wamefika wangapi.

Wifi yako,
Kalekye

*

Kajiado,
22 Februari 2025

Mama Oscar,

Takwenya. Yeyo anakusalimu, mguu unamsumbua usiku. Mbuzi wamezaa vizuri ingawa majani ni haba. Binti yangu Naeku amemaliza ualimu na sasa anatembea na vyeti kutoka shule moja hadi nyingine.

Kuku wamefika, na bahasha pia, ikiwa imefungwa vile ulivyosema. Niliwaacha kwanza ndani ya kreti nikawatazama. Nikuulize bila kuzunguka, je, ni wagonjwa? Mtu hatoi kitu anachokipenda kwa haraka namna hiyo, tena ampe yule asiyeongea naye. Niliwaangalia macho na kinyesi, nikaona ni wazima, nikawafungulia. Lakini bado najiuliza. Naeku anasema huenda unatafuta sababu ya kuingia na kutoka bomani, uangalie kilicho cha Samuel. Nilimwambia anyamaze, ila sikumwambia amekosea.

Yeyo hataki ndege ndani ya nyumba. Asubuhi ya kwanza Diwani aliingia akapanda kitandani. Walitazamana, na aliyetoka ni Yeyo. Nyapara naye alizunguka boma lote siku nzima akitafuta. Nilipoigeuza ile helmeti nyuma ya jiko, akaikagua, akaingia, akakaa. Nilisimama pale nikamwangalia. Helmeti hiyo nimeizoea kichwani mwa kaka yangu, na niliumia.

Swali langu ni moja, naomba ulijibu wazi. Kuku hawa umenipa au umeniwekea? Kwetu hayo ni mambo mawili, na kila moja lina heshima yake. Nataka nijue nimesimama wapi.

Resian

*

Kitengela,
15 Machi 2025

Wifi Resian,

Salamu. Poleni na mguu wa Yeyo, mkande kwa maji ya chumvi. Nimeshahama. Huku juu naamka alfajiri kwa mazoea, nasikiliza, na hakuna kitu ila maji yakipanda kwenye mabomba. Purity ananihurumia, jambo ambalo silipendi.

Nilikuuliza wamefika wangapi, nawe ukanieleza habari za kitanda. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta idadi. Haimo. Kuhusu ugonjwa, nisingekuletea kuku mgonjwa hata kama ungekuwa adui yangu, kwa ajili ya kuku wenyewe.

Sasa sikia. Kisemei amenifikia na maneno. Amesema, "Mama Oscar, mimi sitaki kuingilia mambo ya family, lakini nikienda kuchukua maziwa naona kuku ni kidogo. Wengine sijui wameenda wapi." Kisemei mwenyewe simwamini sana. Alipowabeba aliniuliza jogoo kama Diwani anaenda pesa ngapi. Lakini kwa nini aseme uongo ambao haumletei faida?

Najua unachofikiria. Unafikiria vile vikombe. Ndiyo, nilihesabu vikombe na sahani watu walipoanza kuondoka mazishini, ukasimama mlangoni ukasema mbele ya wote kwamba nawaona watu wa kwenu wezi. Resian, nimekuwa mtunza stoo wa shule ya bweni mpaka nikastaafu. Nilihesabu vikombe hata tulipomzika mama yangu mzazi. Nahesabu ngazi za gorofa hii kila nikipanda. Sikuwa nimemshuku mtu siku ile.

Leo ndiyo nashuku. Nipe idadi.

Kalekye

*

Kajiado,
2 Mei 2025

Mama Oscar,

Nimechelewa. Mvua ilikata barabara yetu, halafu Yeyo akalazwa wiki mbili. Ametoka sasa, anakunywa uji na kugombana na kila mtu, kwa hivyo tunajua amepona. Pasaka ilipita tukiwa hospitalini. Naeku amepata kazi ya muda kwenye shule moja kule Embulbul, kwa hivyo boma nimebaki nalo mimi na Yeyo tu.

Kuku wako wapo, na wanatunzwa. Mengine usiniulize kwa sasa. Idadi sitakuandikia, wala leo wala siku nyingine, na nakuomba na wewe usiandike tena namba yao kwenye karatasi inayokuja kwangu. Sitaki kugombana na mtu wakati Yeyo anapata nafuu.

Nimekutumia mayai, nimeyafukia kwenye unga wa mahindi yasivunjike. Mwangalie Kisemei usoni akikupa ndoo.

Bado hujanijibu. Umenipa au umeniwekea?

Resian

*

Kitengela,
17 Mei 2025

Resian,

Namshukuru Mungu kwa Yeyo. Mwambie namwombea, na hili nalisema kwa moyo mweupe.

Mayai nilipokea. Niliyapanga mezani nikayaangalia, na hakuna hata moja la Nyapara. Yai lake ni dogo, refu upande mmoja, na lina rangi ya chai ya maziwa. Nimeyaokota miaka mitano, siwezi kulikosea. Nikajiambia labda ameacha kutaga. Nilikuwa najidanganya ili nilale.

Jumamosi iliyopita Purity alipeleka sare Isinya. Alirudi, akala, akaosha vyombo, ndipo akasema, "Mum, sijui kama nikwambie." Aliingia kwenye duka la mama mmoja anaitwa Ruqia, anauza maziwa ya ngamia, sukari na chumvi ya mifugo. Nyuma ya kaunta aliona helmeti ya njano. Iko na ufa. Imeandikwa S. Na ndani amelala kuku mweusi mwenye shingo tupu.

Ulimuuza. Sijui wengine walienda wapi, lakini huyu najua aliko. Nilikuchagua kwa sababu hamli kuku, nikasahau kwamba mtu asiyekula anaweza kuuza. Na helmeti je, uliitia bei kando au ilienda naye kama nyongeza? Nimelia, na nataka ujue kwamba nimelia.

Unaniuliza kama nilikupa au nilikuwekea. Swali hilo huulizwa na mtu anayetafuta ruhusa baada ya kitendo. Nitakuja kuchukua waliobaki. Niandikie siku.

Kalekye

*

Kitengela,
21 Juni 2025

Resian,

Mwezi mzima na zaidi. Kisemei anaapa kwamba barua alikupa mkononi na ukaisoma ukiwa umesimama. Basi umesoma. Na kunyamaza kwako nimekusoma.

Kalekye

*

Kajiado,
4 Julai 2025

Mama Oscar,

Yeyo hajambo. Baridi imeanza, na mbuzi wanakohoa kidogo.

Sikukujibu kwa sababu ningejibu wakati ule, ungeichoma barua. Mara ya kwanza ni vikombe, mara ya pili ni kuku. Niliogopa pia kuandika kabla sijajua mambo yataishaje. Sasa nimejua, na nitakueleza kwa mpangilio.

Baba yetu hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote katika boma moja. Wengine aliwapeleka kwa shemeji yake, wengine kwa rafiki, wengine mbali kabisa, ili ukame au ugonjwa ukija upande mmoja usimwachie mikono mitupu. Hakuna aliyeona hayo kuwa ni kuuza. Kuku wako walipozoea, nikafanya hivyo hivyo, maana sijui njia nyingine ya kutunza kitu cha mtu. Mwanzoni mwa Machi nikawagawa. Baadhi walienda kwa binamu yangu Kakenya, wengine kwa jirani yetu wa mtoni, waliobaki nikakaa nao. Hao ndio wachache ambao Kisemei aliwaona, na sikujua kwamba anapita akinichungulia.

Nyapara nilimpeleka Isinya kwa Ruqia, ambaye tumeuziana vitu miaka mingi. Dukani kwake hakuna kuku mwingine ila jogoo wake mmoja, na uani kuna ukuta pande zote. Nilimpa na helmeti, kwa sababu ulisema bila hiyo hatagi.

Wakati wa Pasaka, tukiwa hospitalini, jirani wa juu alinunua kuku sokoni, na kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kikaingia. Niliporudi, Diwani alikuwa ameinamisha shingo, hawiki. Alikufa siku iliyofuata, na wengine nyuma yake. Wa hapa bomani walikufa wote, Mama Oscar. Nilichimba shimo, nikawafukia kwa majivu, na Yeyo, ambaye hataki ndege, alitoka na fimbo yake akasimama pale mpaka nikamaliza. Mayai niliyokutumia yalitoka kwa Kakenya. Nilitaka uone mayai usishtuke, wakati mimi mwenyewe sijui kama ugonjwa utafika kwa wengine. Haukufika. Wale niliowagawa wote wako hai.

Kuhusu idadi. Kwetu mifugo haihesabiwi, si kwa mdomo wala kwa kalamu. Mtu anasimama langoni jioni, anawajua kwa sura, na akikosekana mmoja anamwona. Kuwahesabu ni kuwaitia msiba. Barua yako ya kwanza ilikuwa na namba, nikaikunja haraka Yeyo asisikie ikisomwa. Na kuku walipokufa nilikulaumu wewe na ile namba yako. Nilikuwa na hasira, nikaona ni wewe uliyewaua kwa kuhesabu, kama ulivyohesabu vikombe udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Sasa umesema ni kazi ya stoo. Samuel hakuwahi kuniambia.

Na swali langu. Baba alipewa ng'ombe na rafiki yake, na tangu siku hiyo wakaitana Pakiteng mpaka wakazeeka. Mwingine alimpa kondoo, wakaitana Paker. Jina la mtu linawekwa kando, wanaitana kwa kile kilichotolewa. Aliyewekewa hapewi jina. Yeye ni mchungaji tu, na akipoteza anajibu. Kama umeniwekea, basi nina deni la wale waliokufa, na nitalilipa. Kama umenipa, basi kuna jina kati yetu. Kwa kuku sijui ni jina gani. Wazee wetu hawakuwahi kufikiria ndege.

Sikuwa naomba ruhusa. Nilikuwa naomba kujua wewe ni nani kwangu, kwa kuwa Samuel hayupo.

Resian

*

Kitengela,
20 Julai 2025

Resian,

Salamu kwa Yeyo. Nimemtumia soksi za sufu, azivae usiku. Oscar na Purity wako salama.

Barua yako ya tarehe nne ilinifikia jana Jumamosi. Pikapu ya Kisemei ilikufa gia na barua ikalala kwenye dashibodi yake wiki mbili. Ndivyo anavyosema yeye, na selotepu yako ilikuwa na vumbi la kweli, kwa hivyo safari hii namwamini. Lakini mimi nilikuwa nimeenda Isinya Alhamisi, kabla sijaisoma.

Sitakuficha. Nilienda kukukamata. Nilivaa miwani nyeusi ya Purity, nikaingia kwa Ruqia kama mteja, nikaagiza maziwa ya ngamia ambayo sijawahi kuyanywa. Ni mwanamke mrefu, haongei haraka. Helmeti ilikuwa pale pale alipoiona Purity, nyuma ya kaunta karibu na magunia ya chumvi, na Nyapara ndani yake amejitandaza. Alinitazama kwa jicho moja akarudi kulala. 

Nikauliza bei ya yule kuku mweusi. Ruqia akasema hauzwi. Nikaongeza bei. Akasema hauzwi. Nikaongeza tena, nikitaka atamke tu kwamba alimnunua kwako, niwe na ushahidi mkononi. Akaacha kupima sukari akanigeukia. Nakuandikia alivyosema, maana sijalala vizuri tangu hapo.

"Mama, huyu si wangu. Ni wa mjane wa ndugu yake Resian, huko Kitengela. Mimi nimewekewa tu. Resian aliniambia hata yeye mwenyewe akikuja kumchukua bila huyo mama, nisimpe."

Nikavua miwani nikamwambia huyo mama ni mimi. Aliniangalia toka kichwani mpaka viatuni. Akasema, "Wewe umeingia ukiuliza bei. Mwenye kuku haulizi bei."

Kipimo hicho ni changu mwenyewe, Resian. Ni mimi niliyemfungia Zipporah geti kwa sababu ya kushika mapaja. Nilichukua maziwa yangu, nikayanywa yote hapo kwenye kibaraza kwa aibu, na si mabaya. Kisha nikapanda gari nikarudi, na kuku wangu nikamwacha kwa mwanamke ambaye hakukubali kunipa kuku wangu. Jana nilipoisoma barua yako niliingia bafuni nikafungulia maji ili Purity asinisikie.

Diwani namlilia. Alikuwa akiwika hata wakati wa maombi ya mazishi, na Samuel angecheka. Mshukuru Yeyo kwa kusimama pale shimoni.

Kwamba watu wa kwenu hawahesabu mifugo, hilo sikulijua. Nimeolewa huko miaka thelathini na mtu ambaye kila jioni alisimama mlangoni mwa kibanda akiwatazama tu kuku wakiingia, nami nikidhani ni uvivu wa kuhesabu, nikamfuata nyuma nikimhesabia kwa sauti. Hakunikataza hata siku moja. Sijui alikuwa akijisikiaje.

Umeuliza mara tatu, na mara mbili za kwanza nilikwepa, kwa sababu nikisema nimekupa basi nimeachana nao kweli, na nyumba imebomolewa, na sina tena mahali ambapo kuna mkono wa Samuel. Sasa najibu. Nimekupa. Nimekupa wote, walio hai na waliokufa, na hakuna deni. Mwambie Ruqia nikija tena atanijua, sitavaa miwani.

Jina la kuku wazee hawakutuachia, kwa hivyo nimelitafuta mwenyewe, na ukilikataa sema mapema. Samuel ndiye aliyelitoa, nasi tutaitana hilo hilo, mimi kwako na wewe kwangu.

Jambo moja nilikuwa nimelisahau. Nikigeuka kutoka pale dukani, Nyapara aliinuka kidogo kurekebisha mwili, na chini yake kukaanza kelele. Vichwa vikajitokeza kwenye ukingo wa helmeti, karibu na ile S, vingine vyeusi, vingine vya manjano. Barua yako ilikuwa bado kwenye dashibodi ya Kisemei, sikuwa nimeambiwa lolote. Lakini nilimkumbuka Samuel pale mlangoni mwa kibanda, nikageuza uso kabla sijahesabu.

Nyapara wako,
Kalekye